Mshindi wa Shindano la Sita

Nchi ninayotaka kuwasimulia siyo hii. Nimeshaulizwa mara mbili na watu waliovaa viatu vya kung'aa, na mara zote mbili nimewajibu hivyo hivyo: siyo hii, wanangu, ni ile nyingine. Wakaandika, wakaenda zao. Kwa hiyo nanyi mnaosoma tulieni, msitazamane.

Katika nchi ile nyingine kila kitu kilikuwa kimekwisha isipokuwa mbio za farasi. Unga ulikwisha, dawa zikaisha, chaki za shuleni zikaisha, lakini kila Jumamosi saa nane mchana farasi walikimbia, mashindano sita, na sote tulitakiwa uwanjani tukiwa tumenawa uso. Mtukufu Kiongozi alikuwa amesema kwamba taifa linalomjua mshindi wa kesho haliwezi kuiogopa kesho. Maneno hayo yaliandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa hospitali, pale palipokuwa pamebandikwa majina ya madaktari.

Kila mtu mzima alipewa kadi ya mbio siku ya Ijumaa. Ndani yake kulikuwa na majina ya farasi, majina ya wapandaji, na rangi ya shati la kila mpandaji. Kazi yako wewe raia ilikuwa kutia alama kwa yule unayeona atashinda. Ulikuwa huru kabisa. Halafu Ijumaa hiyo hiyo, kabla jua halijazama, Ofisi ya Matokeo Yajayo ilitangaza redioni washindi watarajiwa, ili uhuru usikuchoshe. Aliyetia alama sawasawa na Ofisi alipigiwa muhuri wa Raia Mwenye Kuona Mbali, na kwa muhuri huo akaruhusiwa kupanga foleni ya unga. Sikusema alipewa unga. Nimesema aliruhusiwa kupanga foleni.

Sasa, kwa kuwa Ofisi haikosei, mpandaji ambaye farasi wake ametajwa alipaswa kushinda, na ambaye farasi wake hakutajwa alipaswa kushindwa. Aliyetajwa akashindwa aliitwa mvivu. Ambaye hakutajwa akashinda aliitwa mpinzani. Wote walipelekwa Shamba la Mapumziko, na walipumzika kweli, maana hatukuwaona tena.

*

Mimi nilikuwa nakoroga chakula cha farasi. Miaka thelathini na mmoja. Pumba, molasi, chumvi na maji ya moto, unakoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Wakishakula nakusanya ndoo naziosha, na mwenye kuosha ndoo anajua mengi ambayo mwenye kuvaa tai hayajui. Farasi akiilamba ndoo yake ya Ijumaa mpaka bati ling'ae, huyo kesho atakimbia. Akiacha mabaki, ana jambo tumboni au moyoni, usimwekee matumaini. Na Jumamosi asubuhi hapewi ila maji kidogo, kwa sababu mwenye tumbo zito hakimbii, hata umpige vipi.

Pumba zenyewe zilikuwa za farasi peke yao. Mtu akikutwa amezila, hata kiganja kimoja, kosa lake liliitwa kula cheo cha mnyama, na adhabu ilikuwa kifungo mpaka azirudishe. Azirudishe vipi, sheria haikueleza.

Siku moja akaja bandani Mheshimiwa Tindwa, Mkurugenzi Mkuu wa Matokeo Yajayo, kaziba pua kwa leso. Tindwa hakuwa mjinga. Alijua ni rahisi kumtaja farasi atakayeshinda kweli kuliko kuwalazimisha wengine wote wamsubiri mbovu mmoja. Alikuwa amesikia kwamba mwanamke wa ndoo hakosei.

"Bibi, unawajua vipi washindi?" akaniuliza. "Unatumia kanuni gani?"

"Naosha ndoo, baba."

Akamgeukia katibu wake. "Andika: mbinu ya kisayansi ya uchunguzi wa mabaki."

Nikapewa cheo, Mshauri Mwandamizi wa Mabaki, na kiti cha mbao Ofisini. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini majina ya farasi naweza kuyasoma, na jina langu, Sikudhani, naweza kuliandika, na walichotaka ni hayo mawili tu. Kila Ijumaa natazama ndoo, naandika majina sita, natia sahihi. Mwaka mzima sikukosea. Wapandaji walinishukuru njiani kwa kunong'ona, maana tangu nianze mimi, Shamba la Mapumziko lilipokea watu wachache.

*

Fahari ya Taifa alikuwa farasi wa Mtukufu Kiongozi mwenyewe, mweusi, mrefu, hajawahi kushindwa. Mpandaji wake alikuwa mwanangu Chande, kitinda mimba wangu, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwembamba kama mwiko. Alikuwa na watoto wawili niliowalea mimi tangu mama yao alipofariki kwa kukosa ile dawa iliyokwisha.

Jumatano Fahari ya Taifa aliacha ndoo nzima. Alhamisi asubuhi nikamkuta amelala ubavu, ulimi nje, nzi puani. Nikamwita daktari wa mifugo. Daktari akasimama mlangoni, akamtazama kwa mbali, akaandika kwenye karatasi yake: "Mgonjwa ametulia. Hali yake haibadiliki." Akaondoka upesi.

Ndipo akaja Mheshimiwa Tindwa.

"Amekufa, baba," nikamwambia.

"Nani?"

"Farasi."

"Farasi yupi? Bibi, sikiliza. Kadi ya Jumamosi imeshachapwa na ina sahihi ya Mtukufu. Fahari ya Taifa ni namba moja, shindano la sita. Farasi aliyekufa hawezi kuwamo kwenye kadi. Huyu yumo kwenye kadi. Kwa hiyo?"

Nzi mmoja akahama kutoka kwa farasi akaenda kwenye leso ya Mheshimiwa.

"Kwa hiyo, bibi?"

"Kwa hiyo yupo, baba."

"Umeona? Elimu ya watu wazima inasaidia."

Katibu wake, kijana mwenye wasiwasi, akapendekeza wamchukue farasi mwingine wampake rangi nyeusi. Mheshimiwa Tindwa akamkemea mpaka mate yakaruka. "Unataka tumdanganye Mtukufu Kiongozi? Unataka kughushi farasi? Nchi hii haina nafasi kwa udanganyifu!" Kisha akasimama wima mbele ya mzoga, akasema kwa sauti ile ya redioni: "Farasi atashiriki kwa kuwakilishwa. Mpandaji atahudhuria pamoja na tandiko, hatamu na namba yake, na atakwenda mzunguko mzima kwa miguu. Wapandaji wengine watabaki nyuma yake kwa heshima. Historia itatuelewa."

Nikageuza ndoo nikaikalia.

"Mpandaji ni mwanangu, baba. Farasi wanane nyuma yake?"

"Najua ni mwanao. Ni bahati nzuri kwa familia." Akainama karibu yangu, akaongea polepole kama anayebembeleza mtoto. "Na wewe kesho utaandika orodha. Andika unachokiona, uhuru wako hauguswi. Ila kuna gari limeegeshwa pale nje. Dereva ameambiwa huenda akaenda Shamba la Mapumziko, na huenda asiende. Lina nafasi nne. Wewe, mwanao, na wale wadogo wawili. Nimehesabu mwenyewe."

Ijumaa nikatazama ndoo za mabanda yote, nikaandika majina sita. Kwenye shindano la sita niliandika Fahari ya Taifa.

*

Jioni ile Chande alikaa kwenye kigoda uani, anapaka mafuta tandiko. Watoto walikuwa wanachezea namba yake, ile moja nyeupe, wanabandikana mgongoni.

"Mama, si utani huu?" akaniuliza.

"Si utani."

"Mimi nikimbie na tandiko kichwani, na farasi wazima wananyata nyuma yangu kama mabibi harusi?"

"Watabaki nyuma. Wapandaji wameamriwa."

Akacheka kidogo. "Wapandaji wameamriwa, mama. Farasi nani kawaamuru? Wale wamefundishwa jambo moja tu tangu wazaliwe. Wakiona mgongo mbele yao wanautaka."

"Mmoja mmoja niambie. Nani anakutisha?"

"Tutafika ni mzee, anashikika. Mvua ya Mawe ana kelele tu. Shukurani na wale wengine wapole." Akaendelea kupaka mafuta mahali pale pale. "Siulizwi. Yule jike mwekundu. Ngwali ndiye anampanda, na Ngwali ni mwenzangu, atajitahidi mpaka mikono ikatike. Lakini umemwona Ngwali siku hizi? Shati linamning'inia. Hana nguvu ya kushika hata mbuzi."

"Nani ana nguvu?" nikasema.

"Ndiyo hivyo." Akainua macho. "Ungeandika jina lingine, mama?"

Nikawatazama wale watoto na namba yao. Hakuniuliza tena. Baadaye akasema, kama anayezungumza na tandiko, "Ulifanya vizuri. Mimi angalau nina miguu."

Sikumwambia nilichokuwa nimekipanga. Sikumwambia mtu yeyote. Katika nchi ile ukimwambia mtu jambo, umempa mzigo, na wapo wanaotembea kwenda kuutua mzigo huo Ofisini.

*

Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili nilikuwa bandani. Nilichemsha maji mapipa mawili. Nikakoroga pumba nzito, molasi maradufu na chumvi nyingi ili wapate kiu. Nikajaza ndoo nane mpaka ukingoni, nikapeleka kila banda, na mbele ya kila farasi nikaweka na beseni la maji. Mnakumbuka nilivyosema kuhusu tumbo zito. Farasi aliyekula hivyo hazidi mwendo wa kutembea, anajuta tu. Walinzi waliona, lakini mlinzi gani angemuuliza Mshauri Mwandamizi wa Mabaki?

Niliwaachia muda wa kula, nikaenda nyuma kukoroga majivu ya kuoshea. Niliporudi kukusanya nilitazama moja moja kwa uangalifu kuliko siku zote. Tutafika, imelambwa. Mvua ya Mawe, imelambwa. Shukurani, imelambwa. Ile ya Siulizwi ilikuwa safi kuliko zote, inang'aa, hata chini kwenye mkunjo wa bati, mahali ambapo huwa nachokoa kwa kijiti, hamkuwa na chembe.

Nikasema moyoni, haya, mwanangu atarudi nyumbani. Nikaosha ndoo zangu huku naimba.

*

Uwanja ulijaa. Watu wote wamenawa uso. Mashindano matano ya kwanza yalikwenda kama nilivyoandika, ila farasi wa mashindano hayo ni wa mabanda mengine, na asubuhi ile sikuwalisha. Nilikaa jukwaani nyuma ya Mheshimiwa Tindwa. Mbele yetu, kwenye kiti chenye kivuli, Mtukufu Kiongozi alikuwa anakula karanga.

Shindano la sita. Milango ikafunguliwa, akatoka Chande na shati lake jekundu, tandiko begani, hatamu mkononi zinaburuta, namba moja kifuani. Akasimama kwenye kizimba cha kwanza, peke yake, mdogo. Hakuna aliyecheka. Watu elfu kumi, na nilisikia karanga zikivunjwa.

"Fahari ya Taifa ametulia leo," alisema mtangazaji wa redio. "Anaonekana mwepesi sana."

Wakaachiliwa. Chande akakimbia. Nyuma yake farasi wanane wakatoka kwa kujikokota, matumbo yamejaa kama ngoma, vichwa chini. Tutafika alisimama akajisaidia. Nikaona mwanangu anaacha nafasi, hatua ishirini, hatua thelathini.

"Fahari ya Taifa anaongoza kwa unyenyekevu mkubwa!"

Mheshimiwa Tindwa akageuka akanipa mkono. Nikaupokea. Na nikiwa nimeushika mkono ule ndipo nikamwona Siulizwi.

Masikio yake yalikuwa mbele. Nikamtazama tumbo, na tumbo lilikuwa limeingia ndani, limekatika kama la mbwa wa jalalani. Farasi wale wengine wamevimba, yeye mbavu unazihesabu. Nikasema kwa sauti, "Huyu hakula." Mheshimiwa akauliza, "Bibi unasemaje?" Nikasema tena, "Huyu hakula kitu."

Ngwali alikuwa amejilaza kinyumenyume juu ya tandiko, anavuta hatamu kwa mikono miwili, lijamu limempasua farasi midomo, damu inaruka. Anapiga kelele, "Chande! Toka njiani! Toka, ndugu yangu!" Lakini kanuni ilisema mzunguko mzima, ndani ya uzio, na kando ya uzio walisimama wale wa viatu vya kung'aa. Chande aligeuka mara moja. Sijui aliona nini. Akaukumbatia ule uzito wa tandiko akaongeza mbio, mwanangu, kana kwamba inawezekana.

Ilikuwa kwenye kona ya mwisho. Siulizwi hakumchukia. Aliona mgongo mbele yake, akautaka.

Redio ikapiga wimbo wa taifa.

*

Matokeo yalitangazwa jioni hiyo, nami nitawapa kama yalivyosomwa. Wa kwanza, Fahari ya Taifa. Wa pili, Siulizwi, aliyepita nguzo ya mwisho mapema kwa sababu za kiufundi. Kwa kuwa hakuna aliyemshinda Fahari ya Taifa, hakukuwa na mpinzani wala mvivu, na hakuna aliyepelekwa Shamba la Mapumziko. Ngwali alipigiwa makofi kwa nafasi ya pili. Alipigiwa makofi akiwa amepiga magoti kwenye vumbi, anatapika.

Ili nipewe mwili nilitakiwa kutia sahihi karatasi iliyosema kwamba mpandaji Chande alishuka kwenye farasi wake baada ya ushindi, kwa hiari. Nikatia sahihi. Sikudhani. Herufi zote nilizijua.

Jumanne ikaja zawadi ya mshindi. Gunia la pumba laini, kwa ajili ya Fahari ya Taifa, na kwa vile Fahari ya Taifa hakuwa na hamu ya kula, Ofisi ilimruhusu mama wa mpandaji kulipokea. Lilikuwa na kibali chenye muhuri kwamba watu wa nyumba hii na wageni wao wa msiba wanaweza kula cheo hicho bila kosa, kwa siku saba. Nikapika uji wa pumba. Watoto walikula, wakalala mchana kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Majirani wakaja wengi kuliko ilivyo kawaida ya msiba, na kila mmoja alikuja na bakuli ndani ya khanga.

Ngwali alikuja Ijumaa. Hakuingia ndani, alikaa kizingitini kama mtu anayedaiwa. Nilipomletea bakuli alilitazama, akalitambua kwa harufu, akalisukuma kando.

"Mama, nisamehe, sizitaki hizo."

"Ni halali. Zina muhuri."

"Ile ndoo, mama." Akaficha uso kwa mikono, na mikono yote miwili ilikuwa imechunika kwa hatamu mpaka nyama. "Ile ya Siulizwi. Zile pumba nilizila mimi."

Nikakaa chini.

"Nilikuja asubuhi kumsugua," akasema. "Nilikuwa na siku ya tatu sijala. Nikaona ndoo imejaa, ina molasi, moshi unatoka. Nikasema nitachota kiganja kimoja, hakuna atakayejua. Nikachota. Halafu sikumbuki. Nilijikuta kichwa kiko ndani ya ndoo, nalamba bati. Na yule farasi ananitazama."

"Uliilamba vizuri," nikamwambia, maana ndilo lililonijia.

"Nilijua wewe unatazama ndoo. Nikasema nikiacha chembe utajua ni mtu. Mama, sikujua zilikuwa za kumzuia! Wallahi ungeniambia ningemlisha kwa mikono yangu, ningemshindilia mpaka ashindwe kusimama!"

"Nilikuogopa," nikasema.

"Mimi?"

"Wewe na kila mtu. Nawe kwa nini hukuja kuniambia kwamba hajala?"

"Nilikuogopa wewe, mama. Wewe ni wa Ofisini."

Ndani watoto walikuwa wanagombania kijiko. Nilitaka kumchukia, nawaambia kweli, nilimtafutia chuki mahali pote ndani mwangu, lakini kila nilipomtazama niliona shingo tu, imekonda hivi, mishipa imesimama, na mate yanamshuka kila mara anapolitazama lile bakuli. Alikuwa anayameza kwa aibu.

Nikamsogezea bakuli mpaka magotini. Hakulishika. Nikachota kijiko nikamwekea mdomoni, kama nilivyofanya kwa wanangu wote wanne, akapokea, machozi yakaingia kwenye uji. Cha pili alikichukua mwenyewe.

Hapo gari likasimama nje. Yule katibu wa Mheshimiwa Tindwa akashuka na kadi mpya mkononi, wino haujakauka, akachungulia uani.

"Shikamoo, bibi. Pole na msiba. Mheshimiwa anasubiri orodha ya kesho, redio iko tayari."

Ngwali aliganda, kijiko hewani, shavu limejaa.

"Marahaba," nikamjibu. "Mwambie Mheshimiwa angoje. Hapa kuna mtu anakula."

"Bibi, gari..."

"Nimeliona gari." Nikageuka nikampa mgongo. "Kula, mwanangu. Tafuna taratibu."